Kutuma kawaida, lipa namba, benki au noti? Hesabu ya muuza dagaa wa Mwanga, Kigoma

"Mama, unapokea ya mtandao gani?"

Swali hilo naulizwa mara nyingi kuliko bei ya dagaa. Ukutani kwenye kibanda changu hapa Mwanga nimebandika lipa namba tatu, zile namba za kulipia dukani kwa simu, kila moja ya mtandao wake, na moja imeliwa na jua mpaka 8 na 3 hazitofautiani. Mteja huzitazama, hutazama simu yake, husita, halafu huchomoa noti ya elfu kumi kununua dagaa wa elfu tatu. Saa moja asubuhi, kopo la chenji halina kitu, naanza kuzunguka kwa majirani kutafuta elfu saba.

Simlaumu. Njia zimekuwa nyingi na kila mtandao unasema wake ndio nafuu. Mimi nanunua mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nauza rejareja hapa Mwanga, mzigo mwingine naupakia kwenda Dar es Salaam, na nina mdogo wangu anayesoma Tabora. Hela yangu inapita kote: namba ya simu, lipa namba, benki, noti mkononi. Kote huko nimeshakatwa. Kipimo nilichobaki nacho ni swali moja: hela hii ikitoka kwangu, itageuzwa noti mara ngapi kabla haijamaliza safari yake? Anayeigeuza ni wakala au mashine ya benki, na hapo ndipo inapomegwa.

Kutuma kawaida na ile "ya kutolea"

Namba kwa namba ndiyo njia tuliyoanza nayo. M-Pesa ya Vodacom iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, wengine wakafuata, na leo utamkuta mtu hajawahi kukanyaga benki ila ana laini mbili zenye salio. Uzuri wake ni kwamba haidai simu janja wala bando. Kitochi kinatosha: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa ingawa jina lilibadilika mwishoni mwa 2024.

Ubaya wake kila Mtanzania anaujua kwa jina. Mdogo wangu hasemi "nitumie elfu hamsini." Anasema "dada, nitumie hamsini na ya kutolea." Wala hajakosea. Mimi nakatwa kutuma, yeye anakatwa kutoa, na kutoa kwa kawaida kunauma kuliko kutuma. Siku hizi kabla ya kubonyeza chochote namuuliza hela ni ya nini. Kama ni kodi ya chumba, namtumia mwenye nyumba mwenyewe. Kama ni madaftari na kutoa kopi, namwachia hela kwenye simu alipe dukani kwa lipa namba. Ile ya kununua nyanya na mkaa ndiyo naiongezea ya kutolea, kwa sababu hiyo lazima igeuke noti.

Jambo lingine ambalo watu hulipita ni ngazi za makato. Bango la makato limebandikwa kwenye kibanda cha wakala, na wengi tunaliegemea bila kulisoma. Makato hayapandi shilingi kwa shilingi, yanapanda kwa ngazi. Kwenye mabango mengi elfu hamsini na elfu tisini na tisa zimo ngazi moja. Ukigusa laki umepanda. Maana yake anayetoa hamsini asubuhi, kisha akarudi jioni kutoa arobaini, amelipa mara mbili kwa kitu ambacho angelipa mara moja. Niliufanya ujinga huo karibu mwaka mzima. Nilikuwa naogopa kulala na hela nyingi ndani, nikawa natoa kidogo kidogo, na nilichokimbia kwa mwizi nikakipeleka kwa wakala.

Kutuma kwenda mtandao mwingine siku hizi hakuna shida. Vijana hawajui tulikotoka: zamani ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, hela haikuingia kwenye akaunti yake, alipata namba ya kwenda nayo kwa wakala wa mtandao wako, na wakala huyo huenda hakuwepo kijijini kwake. Airtel, Tigo na Zantel walikubaliana kuunganisha huduma mwaka 2014, Vodacom akaingia mwaka 2016. Sasa hela inaingia moja kwa moja. Ila usidhani makato ni yaleyale. Soma ule ujumbe wa uthibitisho, mstari wa makato, sio salio tu.

Na hapa niseme kuhusu tozo, maana ndiyo iliyowarudisha wateja wangu kwenye noti. Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, juu ya makato ya mtandao. Watu walipiga kelele, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa. Lakini mtu akishaumia hakumbuki ilipunguzwa lini. Nina wateja ambao hadi leo wakisikia "tuma kwa simu" wanauliza, "Na tozo?"

Kosa la kidole nalo ni la njia hii zaidi ya nyingine. Niliwahi kutuma 85,000 ya madumu ya mawese kwa mtu nisiyemjua. Jina lilikuja kwenye skrini, sikulisoma. Nilikuwa naongea na mteja huku nabonyeza. Nilipopiga huduma kwa wateja, hela ilikuwa imeshatolewa. Mtandao siutaji, kosa lilikuwa langu, ingawa yule kijana wa kwenye simu angeweza kuniambia kwa upole kidogo. Ukijikuta hapo, usianze kumpigia aliyepokea na kumbembeleza. Piga 100 kwanza uombe muamala uzuiwe, au ingia kwenye sehemu ya kurudisha muamala kama menyu ya mtandao wako inayo. Anayejua kwamba umekosea huwahi kwa wakala kuliko wewe.

Lipa namba: nafuu kwa mnunuzi, lawama kwa muuzaji

Lipa namba ni namba ya biashara, sio ya mtu. Unaiingiza, jina la duka linakuja, unaweka kiasi na namba ya siri. Kwa mnunuzi naiweka juu ya kutuma kawaida bila kusita. Hakuna habari ya kutolea, na ukidai hela yako irudishwe una mahali pa kuanzia, kwa kuwa muamala umeandikwa kwa jina la duka.

Kuna faida nyingine haisemwi sana. Binti wa kaka yangu anakaa dukani mchana. Tulipokuwa tunapokea kwa namba yake ya simu, kila aliyenunua dagaa wa buku mbili aliondoka na namba ya binti. Usiku meseji zinaingia: "mambo", "umelala?", "ni yule wa mchana". Tulipoweka lipa namba zile meseji zilikatika. Kwa sababu hiyo tu nisingerudi nyuma.

Sasa upande wa muuzaji, ambao mnunuzi haoni. Hela iliyoingia kwenye lipa namba si yangu mkononi mpaka niitoe au niitumie kwa kitu kingine. Nikiitoa, nakatwa mimi. Ndio maana utakuta bango kubwa la lipa namba ukutani, halafu mwenye duka anakwambia kwa sauti ya chini, "Nitumie kawaida tu dada, weka na ya kutolea." Anahamisha mzigo kutoka kwake kuja kwako. Sio wizi, lakini ulijue kabla. Uliza njia ya malipo kabla dagaa hawajapimwa. Wakishafungwa kwenye mfuko unaona haya kubishana.

Mimi nimeamua kuipokea bila nyongeza. Hela ya lipa namba siitoi: naitumia kununua umeme, kulipa maji, kumlipa muuza vifungashio ambaye naye ana lipa namba, na inayobaki naihamishia benki mwisho wa wiki. Mwenye duka ambaye kila jioni lazima ashike noti zote, lipa namba itamchosha.

Kero yake kubwa Kigoma ni ujumbe kuchelewa. Kuna mama mmoja alinunua sado mbili akiwahi gari la Kasulu. Kwake simu ilisema imekamilika, kwangu kimya. Konda anapiga honi, mama ananionyesha skrini, mimi namwangalia usoni. Dakika kumi na kitu. Gari lilimsubiri kwa sababu tu dereva naye alikuwa anakunywa chai kwangu. Ujumbe uliingia, nikamwomba radhi, lakini kesho nitafanya hivyohivyo, na sababu ni hii: kuna watu wanatengeneza ujumbe unaofanana na wa mtandao neno kwa neno, wanautuma kutoka namba ya kawaida. Mimi hutazama mtumaji ni nani, jina la huduma au namba ya mtu, kisha nafungua menyu niangalie salio. Skrinishoti ya mteja siihesabu kuwa malipo. Mnunuzi mwema asikasirike akisubirishwa.

Kile kibandiko chenye miraba midogo ya kupiga picha, TANQR, ni kizuri kwa mwenye simu janja yenye bando: hukosei tarakimu, na msimbo mmoja unapokea kutoka mitandao na benki mbalimbali. Kwangu wanaokitumia ni wageni wanaoshuka kutoka hotelini. Mwenye kitochi anakiona pambo.

Benki kwa simu

Hapa ndipo mzigo wa Dar unapoingia. Noti yetu kubwa ni elfu kumi, kwa hiyo milioni moja ni noti mia moja, na milioni tano ni bunda ambalo huwezi kulificha kwenye kanga. Zamani tajiri wa mzigo alimpa mtu hela apande nayo treni, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar hadi hapa, bunda limefungwa kiunoni, njia nzima hapati usingizi. Leo ananiwekea kwenye akaunti naona meseji nikiwa bado naanika.

Kwa hela ya ukubwa huo naipenda benki kuliko mtandao wa simu. Salio la simu lina kikomo, na wakala wa mtaani hana hela hiyo. Utamsikia: "Mama, keshi sina, labda laki mbili." Siku nyingine keshi anayo ila floti, yaani salio lake la simu la uwakala, imekwisha, hivyo anaweza kukutolea ila hawezi kukuwekea, au kinyume chake. Wakala wa benki naye ana shida hiyohiyo, kapungukiwa mwisho wa mwezi walimu wakilipwa. Kwa milioni, nenda tawini, fika kabla ya saa tatu.

Huna haja ya kwenda tawini kila mara, maana NMB wana *150*66# na CRDB wana *150*03#, na zote zinafunguka kwenye kitochi. Kutoka benki kwenda benki nyingine au kwenda simu siku hizi kunapita kwenye TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha mabenki na mitandao, na hela inafika papo hapo. Zamani ukiweka Ijumaa mwenzio aliiona Jumatatu.

Faida ya benki niliyoichelewa kuijua ni karatasi. Nilipoomba mkopo wa kununua jokofu, afisa mikopo hakutaka kusikia nauza kiasi gani. Alitaka taarifa ya akaunti ya miezi sita. Hela yote iliyopita mkononi mwangu kwa noti, kwake ilikuwa haijawahi kuwepo. Hasara yake ni makato ya kila mwezi kwa baadhi ya akaunti, hata kama hujagusa kitu. Mwenye mzunguko wa elfu ishirini kwa siku, abaki na simu.

Kadi nitaipita haraka. Ni ya kutolea hela kwenye ATM, na inafaa kama simu imeibiwa au imezima chaji. Duka lenye mashine ya kupitishia kadi hapa mjini unalihesabu kwa vidole, na ukivuka kwenda Buhigwe au Uvinza, iweke tu kwenye pochi. Anayenunua vitu mtandaoni kutoka nje ya nchi ndiye anayeihitaji kweli.

Bili: hapa simu haina mpinzani

Umeme wa LUKU, maji ya KUWASA, ada na tozo za serikali: lipa kwa simu, usifikirie mara mbili. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12, hii tunayoiita kontroo namba, nyingi zinaanza na 99. Ukiiingiza, mfumo unakuonyesha unayemlipa, hivyo hela haina njia ya kupotelea mfukoni mwa mtu. Ukiambiwa na ofisa "tuma tu kwenye namba yangu nitakulipia", basi hujalipa serikali, umemlipa yeye.

LUKU inakupa tarakimu 20. Usiifute ile meseji mpaka mita ikubali, na usisubiri giza ndipo ununue. Jioni kila mtu ananunua kwa wakati mmoja, menyu inazunguka, na wewe huna umeme wala chaji.

Noti bado ina mahali pake

Njoo Kibirizi saa kumi na moja alfajiri. Mitumbwi inaingia, taa bado zinawaka, dagaa wanamwagwa kwenye mabeseni, na bei inapanda na kushuka kabla hujamaliza kusema. Mvuvi mikono imelowa mpaka kwenye kiwiko. Simu yake ipo, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni mara tatu na kamba juu. Mpaka aifungue, akaushe kidole, asubiri ujumbe, beseni limeshachukuliwa na mama mwingine aliyenyoosha noti.

Halafu kuna mgao. Hela ya usiku inagawanywa palepale: mwenye chombo, mwenye injini, vijana wa kuvuta wavu. Hata nikimtumia nahodha, lazima aibadilishe dakika hiyohiyo, na ya kutolea ataidai kwangu juu ya bei. Kwa kipimo changu, hiyo ni hela inayogeuka noti hatua ya kwanza tu, kwa hiyo naipeleka ikiwa noti. Ninachofanya: fungu la vijana nabeba mkononi, la mwenye chombo, ambaye yuko nyumbani Ujiji na ana akaunti, namtumia benki. Tumeelewana hivyo, na sasa situmii hata nusu ya noti nilizokuwa nabeba.

Wateja kutoka Uvira, Kalemie na Bujumbura nao mara nyingi huja na fedha mkononi. Tangu 2025 kanuni haziruhusu kupanga bei wala kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo dola na faranga zinaishia dukani kwa kubadilisha, kwangu anakuja na shilingi. Dawa ya haraka ya simu kwa watu hawa sijaipata.

Noti ina ubaya wake, nao si mwizi peke yake. Inalowa. Niliwahi kukausha laki moja na nusu juu ya uchanja pamoja na dagaa, nimekaa pembeni na fimbo kama mtoto anayefukuza kuku. Zilikauka, ila kwa wiki nzima kila niliyempa alizinusa kwanza.

Kabla hujabonyeza

Ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" bado unazunguka, na bado unawanasa wenye haraka, hasa anayedaiwa kodi kweli. Usimjibu, peleka ujumbe huo kwa 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mimi niliikuta moja nisiyoijua. Ilichukua asubuhi moja kuifuta.

Mgeni Kigoma akiniuliza abebe nini, namwambia aweke laini mbili za mitandao tofauti, maana mmoja ukilala mwingine huwa macho. Noti za elfu mbili na elfu moja kwa ajili ya bodaboda na mwaloni. Hela kubwa ibaki benki. Dukani alipe kwa lipa namba, ndugu amtumie kawaida na ya kutolea asimnyime.

Kile kibandiko kilicholiwa na jua nimeomba kingine. Mpaka kije, namba nimeiandika kwa makapeni kwenye kipande cha boksi, tarakimu kubwa, na ile 8 nimeipigia mstari chini.